Maziwa ya Kuosha Kifua

Mdogo wangu alipovuta hewa ya sumu kazini, huduma ya kwanza aliyopewa ilikuwa kikombe cha maziwa. Kilikuwa kikombe kikubwa cha bati, kimejazwa hadi ukingoni. Alikunywa, akatapika. Wakamjazia kingine, wakamsihi ajitahidi, kwa sababu maziwa yasipotulia tumboni hayawezi kuosha kifua.

Maneno hayo nimeyaandika kama nilivyoyapata kwa mwenzake aliyekuwa amemshika mgongo. Aliniambia kwa upole, machozi yakimlengalenga, na sina shaka alimpenda mdogo wangu na alimtakia uzima. Ndiyo maana hasira yangu ilichelewa kupata pa kusimama. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa watu wabaya.

Nirudi nyuma.

Kiwanda kiko Gahanga, kule ambako mji wa Kigali unakaribia kwisha na mashamba ya maharage yanakatwa viwanja vya nyumba mpya. Kukiita kiwanda ni kukipa heshima. Ni nyumba ya kuishi iliyopangishwa. Sebuleni wanakoroga sabuni ya maji. Chumba cha kulala wanajaza chupa na kubandika karatasi zenye picha ya ua. Na katika chumba kilichokuwa cha kulia chakula kuna mapipa ya buluu ambamo wanachanganya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na dawa ya kusafishia vyoo. Kiwanja kimeinama kuelekea bondeni, kama viwanja karibu vyote vya Kigali. Juu kuna lango na barabara. Chini kabisa, penye ukuta wa mwisho, kuna kibanda cha bati chenye meza, na juu ya meza hiyo ndipo maziwa yanapowekwa kila asubuhi. Naomba msomaji aishike ramani hii: lango juu, maziwa chini.

Mwenye kiwanda wanamwita patroni. Amekulia Bujumbura kama sisi, mtoto wa wakimbizi kama sisi, na akikutana na mtu wa huko anaacha Kinyarwanda papo hapo na kuingia Kiswahili cha mitaani kwetu. Ni mcheshi, anakumbuka majina ya watoto wa wafanyakazi wake, na ana ng'ombe Bugesera. Maziwa yale yanatoka kwa ng'ombe wake mwenyewe. Siku mdogo wangu alipoajiriwa nilimsindikiza, na patroni akatutembeza kila chumba kama mtu anayeonyesha nyumba ya harusi. Harufu ilinikata koo. Nikamuuliza wafanyakazi wanajikinga vipi.

Akacheka. "Dada, wewe umesoma sana. Hapa kwangu hakuna mtu anakohoa. Hapa kwangu watu wanakunywa maziwa."

Nikaliacha swali, nikamfuata chumba kingine. Mtu asiyeijua nchi hii hatanielewa, lakini maziwa hapa si kinywaji tu. Mgeni hupewa maziwa, bibi harusi hupewa maziwa, mtoto aliyeanguka hupewa maziwa. Kuyakataa ni kumkataa aliyekupa. Na kuna imani iliyoenea kwa wachomeleaji, kwa wapaka rangi, kwa watengeneza betri, kwamba maziwa huosha kifua. Mtu akishinda kwenye moshi, jioni anapita kwenye duka la maziwa, anakunywa bilauri moja ya moto, anafuta mdomo, na anaamini amelipa deni la mapafu yake. Patroni aliichukua imani hiyo akaifanya kuwa kanuni ya kazi. Wengine wangenunua vinyago vya kuziba pua na feni ya kutoa hewa. Yeye alitoa maziwa. Na wafanyakazi walimsifu kwa hilo, mdogo wangu akiwemo.

Sasa nieleze habari ya vitambaa, kwa maana bila vitambaa ajali hii haieleweki.

Javeli kali na asidi ya vyoo hazifiki kiwandani zikiwa kwenye vyombo vyake. Kuna mfanyabiashara mjini anayenunua mapipa makubwa yaliyoingizwa kutoka nje, kisha anagawanya kwenye jerikani za manjano, zilezile zilizokuwa na mafuta ya kupikia, zilezile ambazo nusu ya nchi inatekea maji. Pipa linakuja na karatasi yake: jina la kemikali, alama ya hatari, maelekezo ya cha kufanya mtu akiivuta. Mimi nazijua karatasi hizo kwa sababu kazi yangu ni kutafsiri, na waagizaji huniletea. Nimeandika mara nyingi nisizoweza kuhesabu: "Usihamishie katika chombo kisicho na jina." Karatasi inabaki na pipa. Jerikani inaondoka uchi.

Wiki za kwanza mdogo wangu alirudi nyumbani akiwa na wasiwasi. Tunaishi Biryogo, kwenye kichochoro chenye mafundi cherehani, na jirani yetu wa mlango wa pili anashona mashati ya vitenge. Mdogo wangu akamwomba makombo ya vitambaa. Fundi akamtania: "Unataka kumshonea nani, mdoli?" Akampa mfuko mzima. Kesho yake akafunga kitambaa kwenye mpini wa kila jerikani pale kazini: chekundu kwa asidi, cheupe kwa javeli, cha buluu kwa sabuni. Wenzake walipenda. Patroni naye alipita, akatazama, akasema ni akili. Kwa muda mrefu kiwanda kile kiliendeshwa kwa vitambaa hivyo. Mtu alisema, "Niletee chekundu," na ikaletwa asidi.

Vitambaa vilichafuka. Vilipata mafuta, vikapata vumbi, vikawa na ncha zilizochanika. Ikatangazwa kwamba wageni wa ukaguzi wa usafi watapita mtaani. Nani asiyejua Kigali na usafi? Tunafagia hadi udongo. Patroni hakutaka aibu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha mapipa, akaonyesha kwa kidole: "Haya matambara ondoa yote. Inaonekana kama soko." Mwanamke anayebandika karatasi kwenye chupa, ambaye baadaye alimshika mdogo wangu mgongo, alichukua kisu akavikata kimoja kimoja. Jerikani zikaoshwa kwa nje, zikapangwa mstari mmoja kama wanajeshi. Wageni walikuja, wakatazama sakafu na choo, wakapongeza, wakaenda.

Vitambaa havikurudi. Kilichobaki cha kutofautisha jerikani moja na nyingine kilikuwa pua. Unafungua kifuniko, unanusa, unajua. Ndivyo walivyofanya kazi tangu siku hiyo: watu wazima, mama za watu, wakinusa asidi ili wajue kama ni asidi.

Mdogo wangu alimwambia patroni arudishe vitambaa. Akajibiwa, "Tutaona ya rangi nzuri." Akaomba madirisha ya upande wa kushoto yafunguliwe. Madirisha hayo yalikuwa yamepigiliwa misumari, kwa sababu majirani wa nyumba mpya walilalamika kwamba harufu inawaumiza macho. Namwomba msomaji atulie hapo. Majirani walisema harufu inawaumiza macho wakiwa ng'ambo ya ukuta, na dawa iliyopatikana ikawa kuifungia harufu ndani pamoja na wafanyakazi.

Na haikuwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo kuna siku wingu la moshi lilitoka pipani, watu wakatoka nje wakikohoa, wakanywa maziwa, wakacheka, wakarudi ndani. Patroni alipenda kuisimulia: jinsi mzee mmoja wa mlangoni alivyokimbia akaacha kiatu. Mimi mwenyewe nilimsikia akiisimulia na nikacheka, kwa kuwa aliisimulia vizuri.

Asubuhi ya ajali mdogo wangu alikuwa na mafua. Alitumwa kuongeza javeli kali kwenye pipa la javeli. Alishusha jerikani, akafungua kifuniko, akanusa, asisikie kitu. Akanusa tena. Mwenzake akamuuliza, "Iko nini?" Akasema, "Nadhani javeli." Akamimina.

Ilianza kuchemka kama sufuria ya uji. Kisha ukapanda moshi wa manjano unaoelekea kijani, na haukuendelea kupanda. Ulijikunja ukingoni mwa pipa ukateremka sakafuni, mzito, kama kitu chenye miguu. Yeye alikuwa ameinama. Alivuta mara moja, labda mbili, kabla ya kuacha jerikani ianguke.

Wote walikimbia. Na hapa ndipo ninaposhindwa kusimulia bila kusaga meno. Walikimbilia chini. Hakuna aliyewahi kuwaambia wakimbilie wapi. Walichokuwa wamefundishwa, kwa mazoea ya kila asubuhi, ni kwamba kifua kikiwaka unakwenda kwenye maziwa. Lango lilikuwa juu, wazi, na upepo wa barabarani. Wao waliteremka hadi kibandani, penye ukuta, mahali pa chini kabisa pa kiwanja, na ile hewa nzito ikateremka nyuma yao. Wakasimama humo wakinywa maziwa na kuvuta klorini.

Nimesema klorini. Nitarudi kwenye neno hilo, kwa maana hata hilo sina hakika kwamba linatosha.

Walimpakia kwenye moto, pikipiki ya abiria, arudi nyumbani akapumzike. Dereva akampa kofia ya abiria. Akaivaa, ikamziba, akaivua. Dereva akasimama: "Mama, polisi watanikamata mimi." Akamweleza hawezi kupumua. "Basi fungua hapo mbele, lakini usivue." Alivuka mji mzima hivyo, mdomo wazi ndani ya kofia, akihesabu, aliniambia baadaye, mataa ya barabarani yaliyobaki.

Nilimkuta amekaa kitandani, mikono juu ya magoti. Alinitabasamia. "Nimekunywa maziwa mengi leo," akasema kwa sauti iliyokwaruza, "mpaka nitazaa ndama." Tukacheka. Mchana ulipoendelea kucheka kukamwishia. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Jirani yetu fundi aliacha cherehani ikiwa na nguo chini ya sindano, akatubebea begi, tukateremka kichochoro kutafuta gari.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke kijana, haraka mikononi, taratibu mdomoni. Alimwekea oksijeni, akamsikiliza mgongo, kisha akanigeukia.

"Alivuta nini?"

"Javeli imechanganyika na kitu."

"Kitu gani?"

"Asidi."

"Asidi ipi, mama?"

Sikujua. Akanieleza bila kunilaumu. Asidi ya kawaida ya vyoo ikikutana na javeli hutoa klorini, na hiyo anajua namna ya kuikabili. Lakini sokoni kuna asidi za aina nyingine, na zipo hewa ambazo hukaa kimya, mgonjwa akaonekana amepata nafuu, kisha mapafu yakajaa maji baadaye. Muda wa kumwangalia na mambo ya kuogopa yanategemea ni ipi. "Niletee jina," akasema. "Kama huna jina niletee chupa. Kama huna chupa, hata kifuniko."

Ombi lile halikuwa kubwa: neno moja. Katika kiwanda chote, na njia nzima ya kutoka bandarini hadi Gahanga, lazima pangekuwa na mtu mmoja mwenye neno hilo.

Nilipanda hadi Gahanga kesho yake. Nilidhani nitakuta chumba kimefungwa. Nilikuta mlango wazi, redio inaimba, sakafu inang'aa. Walikuwa wamesafisha. Jerikani zote zilikuwa zimeoshwa na kupangwa upya kwenye mstari, zilizojaa na za nusu. Nikauliza ni ipi mdogo wangu aliyoiangusha. Mwanamke wa karatasi akanionyesha moja, akasita, akanionyesha nyingine. Kila mtu alikuwa ameacha chake alipokimbia, na walioitwa kuja kusafisha hawakuwa waliokimbia.

"Kwa nini mliosha?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Ilikuwa chafu, dada."

Patroni alitoka ofisini mikono imefunguliwa, uso umejaa huzuni ya kweli. Akanikalisha. Kabla sijasema lolote, kikombe cha maziwa kikawekwa mbele yangu.

Sikukigusa. Alikitazama kikombe, akanitazama mimi. Chumba kizima kilielewa nilichofanya.

"Umenikasirikia," akasema.

"Daktari anataka jina la ile asidi."

"Ni asidi ya choo."

"Ipi?"

"Ile ya siku zote. Dada, mimi niko na uchungu kama wewe. Huyu ni mtoto wetu, wa Bujumbura. Nimemtumia maziwa hospitali, hamkupata?"

Tulikuwa tumeyapata. Wodi nzima iliyanywa isipokuwa yeye, aliyekuwa na mirija puani.

"Patroni, karatasi ya dawa iko wapi?"

"Karatasi gani? Mimi nanunua dawa, sinunui karatasi." Kisha akainamisha kichwa, sauti ikalainika, na akasema neno ambalo alikuwa amelitayarisha: "Lakini na yeye, kweli, kuja kazini na mafua…"

Nilisimama nikaondoka. Nilisikia nyuma yangu mtu akichukua kikombe, na mwingine akisema kwa Kinyarwanda kwamba yasimwagwe, ni dhambi.

Mfanyabiashara wa mjini alikuwa na duka jembamba lililojaa jerikani hadi darini. Alinisikiliza huku akihudumia watu. Alikubali bila shida kwamba anamuuzia patroni. Nikamuuliza asidi aliyomuuzia mara ya mwisho ilikuwa ipi.

"Iko mbili," akasema. "Kuna ya kawaida, na kuna ya nguvu. Ya kawaida ikiisha, natoa ya nguvu, anaongeza maji mwenyewe."

"Ya nguvu inaitwaje?"

"Ya nguvu."

"Jina lake, kaka. Kwenye pipa."

"Pipa niliuza. Watu wanapenda mapipa, wanahifadhia maji." Akaona uso wangu. "Wanaosha kwanza, mama."

Na siku ile alitoa ipi? Hakumbuki. Huenda zote mbili. Alisema hivyo akimpimia mteja mwingine, kwenye chupa ya juisi.

Niseme jambo moja kuhusu kazi yangu, halafu nimalize habari hii. Nimewahi kutafsiri, kwa ajili ya semina za watu wa viwanda, maelezo marefu ya ajali za kemikali zilizotokea nchi nyingine, kwenye viwanda vyenye minara na ving'ora. Niliyatafsiri nikiwa nimetulia, kikombe cha chai pembeni, kama mtu anayesoma habari za tetemeko la mbali. Kila maelezo yalikuwa na sehemu ya mwisho inayoitwa mafunzo. Nilichokiona, nikiyatafsiri, ni kwamba mwanzo wa mambo yale makubwa ulikuwa mdogo hadi aibu: valvu isiyo na jina, chombo kilichoazimwa kutoka kazi nyingine, alamu iliyozimwa kwa sababu inapiga kelele, ajali ndogo ya awali ambayo watu waliicheka. Na kila mara kulikuwa na mtu aliyekuwa amesema. Siku ile mjini, nikiwa nimesimama katikati ya jerikani zile za manjano, niligundua kwamba nilikuwa nimeandika habari za Gahanga mara nyingi bila kujua. Hatuwezi kusema hatukuambiwa. Tumeambiwa hata kwa lugha yetu. Mimi ndiye niliyeandika. Waliohudhuria semina walipewa kofia, wakapiga picha, wakarudi makwao kupigilia madirisha misumari.

Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, baada ya watu kumaliza kufyeka na kufagia mitaa yao, patroni aliita wafanyakazi wote kwa mkutano. Aliuita mkutano wa mafunzo. Familia ya mgonjwa ilialikwa, nami nikaenda, kwa kuwa nilikuwa bado nalitafuta lile neno moja. Mdogo wangu alikuwa ametoka hospitali siku chache kabla, akiwa na sauti ya mtu aliyemeza mchanga, na daktari alikuwa amemwachilia kwa masharti, akirudia swali lake.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki, wapi? Chini, kibandani, kando ya meza ya maziwa. Kila mfanyakazi alikuwa amepewa kinyago kipya cheupe, kikiwa bado na mikunjo ya mfukoni. Picha ikapigwa. Baada ya picha, vingi vilishuka kidevuni.

Patroni alizungumza vizuri. Alimshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa. Alisema kiwanda ni familia na familia hujifunza. Kisha akasoma alichojifunza. Maziwa yatatolewa mara mbili, asubuhi na mchana. Watu wakapiga makofi. Usafi utaendelea kuwa nambari moja. Makofi. Na kuanzia leo, mtu mwenye mafua hataruhusiwa kugusa jerikani.

Hapo makofi yalichelewa. Mzee wa mlangoni, yule aliyewahi kupoteza kiatu, akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Na mwenye kikohozi je, patroni? Yeye atagusa nini, maziwa?" Watu wakacheka chini chini.

Mwanamke wa karatasi akanyanyua mkono. "Na vile vitambaa?" akauliza.

"Vitambaa gani?"

"Vya rangi. Vya dada yetu. Mimi ndiye nilikata."

"Mama, hakuna anayekulaumu."

"Sijasema unanilaumu. Nimesema vitambaa."

Patroni akatabasamu, akatutazama wote mmoja mmoja, kama baba. "Tunataka kuuza hoteli kubwa, halafu tunafunga matambara kama mganga wa kienyeji? Tutachapisha lebo. Lebo nzuri. Iko kwenye mpango."

Nikasimama. Nilijitahidi sauti yangu isipande. Nilisema sikuja kudai chochote. Nilisema daktari ameuliza swali moja tangu siku ya kwanza, na mgonjwa bado hajapona, na watu wote waliokaa hapa walivuta hewa ileile. Ndani ya jerikani kulikuwa na nini?

Nilisikia redio ya jirani ng'ambo ya ukuta. Nikasema basi ipimwe. Mabaki ya jerikani za nusu yapelekwe kwa wataalamu, ipatikane asidi ni ipi.

"Kupima," patroni akasema polepole, "ni kama kushtaki." Kisha ucheshi wake ukamrudia. "Dada yetu anataka kutufanyia upolisi. Wamletee maziwa jamani, amekauka koo."

Walicheka, na baadhi yao waliocheka walikuwa wakikohoa. Kikombe kikaletwa kweli. Nikapanda kiwanja chote, kutoka mezani hadi langoni, na njia ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Mtu mzima angeimaliza kwa mbio kabla ya kuvuta pumzi ya pili.

Mdogo wangu sasa anapanda kichochoro chetu kwa vituo. Anasimama kwa fundi cherehani kama anayesalimia, anasimama kwa muuza chapati kama anayeuliza bei, na wote wanajifanya hawajui kwamba anapumzika. Hawezi kulala chali. Kila akienda kliniki, daktari yule anaanza na swali lilelile, na kila mara tunamjibu kwamba bado.

Kiwanda kinaendelea. Madirisha bado yamefungwa. Niliandika kwa wanaohusika na usalama kazini nikieleza nilichokiona, kwa utaratibu, kuanzia jerikani hadi misumari. Wamenijibu kwamba suala limepokelewa.

Wiki iliyopita mwanamke wa karatasi alimpigia mdogo wangu simu. Nilikuwa karibu, simu ilikuwa kwenye spika. Alisema jerikani moja ya nusu imetengwa na wenzake, wameiweka peke yake nyuma ya choo, imefunikwa gunia. Wanaamini ndiyo ile. Hakuna anayethubutu kuifungua, na hakuna anayejua pa kuimwaga. Patroni hajaiona, au ameiona akapita.

"Na kuna mtu ameifungia kitambaa," akasema.

Mdogo wangu akakaa wima. "Nani?"

"Sijui. Niliikuta hivyo asubuhi."

"Rangi gani?"

"Subiri." Tulisikia kandambili zake zikienda, mlango, kuku, kisha gunia likivutwa. Mdogo wangu alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, akisubiri asikie ni chekundu cha asidi au cheupe cha javeli.

"Ni cha kitenge," mwanamke akasema. "Kina maua. Mengine mekundu, mengine meupe."